Kuweka chaja za magari ya umeme kwenye maegesho ya fleti: mwongozo kamili kwa wakaazi wa Nairobi

Plagi niliyoshika mkononi ilikuwa imeungua. Mguu mmoja umekuwa mweusi, na plastiki imeyeyuka hadi ikagandana na soketi ya ekstensheni. Kebo yake ilikuwa ikishuka kutoka balkoni ya ghorofa ya pili hadi kwenye Nissan Leaf ya jirani yangu, na ilishuka hivyo kila usiku kwa miezi mitatu. Hakuna aliyeumia. Jirani yule si mzembe hata kidogo. Aliomba soketi kwenye maegesho, akaambiwa asubiri kikao, na kikao hakikuitishwa.

Mimi ni mmoja wa kamati ya wakaazi wa jengo hilo, fleti 24, maegesho yako chini. Tangu siku ile tumefunga chaja, tumekosea mahali, tumerekebisha, na sasa magari yanachaji usiku bila mtu kulala gizani. Ninaandika kwa yeyote aliye na gari la umeme au anayekaribia kununua, na kwa wanakamati ambao barua ya kwanza ya jirani imewafikia mezani.

Jambo moja lishikeni kabla ya mengine yote: msianze na chaja. Gari la kwanza ndilo huamua magari kumi yajayo yatachaji vipi. Mkimruhusu wa kwanza avute waya wake, na wa pili wake, wa nne atakuta njia za kebo zimejaa, umeme wa jengo umegawiwa ovyo, na kila kitu kinahitaji kung'olewa. Anzeni na jengo zima hata kama gari ni moja.

Jueni kwanza nani mwenye ukuta

Ikiwa ploti nzima ni ya landilodi mmoja nanyi nyote ni wapangaji, anayeamua ni yeye. Mwombe kwa maandishi, akujibu kwa maandishi, na barua iseme mambo matatu: nani analipa ufungaji, nani analipa umeme, na ukihama chaja inabaki au unaondoka nayo. Hilo la mwisho husahaulika, kisha likaleta ugomvi siku ya kurudisha funguo.

Ikiwa fleti ziliuzwa kwa hati za kukodi za muda mrefu, maeneo ya pamoja kwa kawaida yako chini ya kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye fleti ana hisa ndani yake. Na ikiwa jengo limeingia chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuyapa majengo ya zamani miaka miwili ya kubadilisha hati, basi kuna shirika la wamiliki linalosimamia mali ya pamoja, na kuna ramani ya jengo inayoonyesha kipi ni cha nani.

Itafuteni ramani hiyo, au hati zenu kama hakuna ramani, mwangalie nafasi za kuegesha zimeandikwa vipi. Watu wengi hudhani nafasi yenye namba ya fleti yao ni yao kama chumba cha kulala. Mara nyingine ni hivyo. Mara nyingine ni mali ya pamoja waliyopewa kutumia tu. Hata kama nafasi ni yako, dari, ukuta, chumba cha mita na njia za kebo karibu kila mara ni vya wote. Kebo yako itapita kwa wenzako kabla haijafika kwako, ndiyo maana ruhusa ya wenzako haikwepeki.

Kikao

Majirani watauliza maswali manne, na mkiyajibu kabla hayajaulizwa kikao kitaisha mapema. Stima ya gari lako nitalipa mimi? Taa zangu zitazimika? Jengo litashika moto? Na mimi nisiye na gari napata nini?

Kwetu swali la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa ghorofa ya nne, mtu mzima, aliyesimama kabisa kuliuliza. Alikuwa na haki. Kwa muda wa mwezi mzima mtu fulani alikuwa amechomeka gari kwenye soketi ya kufulia iliyo karibu na geti, inayosoma kwenye mita ya pamoja, na ada ya huduma ilikuwa imepanda. Msipuuze malalamiko ya aina hiyo. Hakuna chaja itakayofungwa kwa amani kabla watu hawajaamini kwamba kila uniti ina mwenyewe.

Pelekeni kikaoni pendekezo lenye sehemu mbili. Ya kwanza ni mfumo wa pamoja: kebo kuu kutoka chumba cha mita, bodi ndogo ya umeme kwenye maegesho, na trei za kebo zinazofika karibu na kila nafasi. Hiyo hulipwa na wenye fleti wote, kwa sababu inabaki kwenye jengo na kupandisha thamani ya kila fleti, iwe ina gari la umeme leo au haina. Ya pili ni chaja yenyewe na kipande cha kebo kutoka trei hadi kwenye nafasi. Hiyo hulipwa na mwenye gari peke yake. Mgao huu ndio ulioleta kura za kutosha kwetu, baada ya pendekezo la kila mtu ajitegemee kuanguka na pendekezo la wote walipe kila kitu kuanguka vibaya zaidi.

Hesabuni pia watu. Pitisheni karatasi: nani ana gari la umeme, nani ananuia kununua ndani ya miaka mitatu, na anaendesha kilomita ngapi kwa siku. Kilomita ndizo muhimu kuliko ukubwa wa betri. Gari dogo kama Leaf hukimbia takriban kilomita 6 kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Anayekwenda kazini na kurudi kilomita 40 anahitaji karibu uniti 7 kwa siku, basi, hata kama betri yake ni ya kilowati-saa 24 au 60.

Pimeni mzigo kabla ya kuagiza chochote

Hapa ndipo kazi yote inapolala, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini. Iangalieni leseni yenyewe, kwa sababu madaraja yanatofautiana na si kila moja linamruhusu mtu kugusa fezi tatu, yaani zile nyaya tatu za umeme zinazolisha jengo kubwa. Mwambieni aweke kifaa cha kurekodi mzigo kwenye kebo zinazoingia bodi kuu, fezi zote tatu, kwa wiki mbili zenye siku za kazi na wikendi. Kipimo cha dakika tano mchana hakina maana. Mchana wa saa nane jengo liko tupu.

Jengo letu lina swichi kuu ya ampea 100 kwa kila fezi. Kwa volti 240 hiyo ni kama kilowati 72 kwa jumla. Rekodi ilipokuja tuliona kilima kirefu kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, fezi moja ikifika ampea 81 huku nyingine mbili zikiwa chini ya 65. Sababu tuliijua bila kuuliza: shawa za umeme. Shawa moja ya kilowati 5.5 hula ampea 23. Fleti tatu za fezi moja zikioga pamoja, ampea 69 zimekwisha. Kilima cha pili, kifupi, kilikuwa jioni. Lakini kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri mstari ulilala chini kabisa, ampea 22 tu kwa kila fezi, majokofu na taa za ngazi.

Sasa hesabu. Usitumie swichi hadi mwisho wake kwa saa nyingi mfululizo; tulijiwekea kikomo cha asilimia 80, yaani ampea 80. Toa 22, unabaki na ampea 58 kwa kila fezi. Zikijumlishwa fezi tatu ni karibu kilowati 42, kwa saa tano na nusu kila usiku. Ni uniti takriban 230. Toa sehemu ya kumi inayopotea kama joto wakati wa kuchaji, zinabaki zaidi ya 200. Gawanya kwa 7.

Magari 29. Jengo lina fleti 24.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu jikoni kwangu, kisha fundi akairudia. Jengo lile lile ambalo watu walisema haliwezi hata magari mawili lingeweza kubeba gari moja kwa kila fleti, bila kuongezewa umeme, ikiwa tu magari hayatavuta yote kwa pamoja saa moja jioni watu wanaporudi. Tofauti yote ni saa ya kuchaji na nani anaigawa. Chaja za kisasa hupunguza mkondo hadi ampea 6, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa katika kanuni ya kimataifa ya IEC 61851. Ampea 6 kwa saa tano na nusu ni karibu uniti 8, na hizo zinatosha zile kilomita 40.

Namba zenu zitakuwa tofauti. Jengo lenye lifti kubwa, pampu za maji za usiku au wapangaji wa muda mfupi litaonyesha mstari mwingine. Lakini msikubali neno la mtu kwamba "stima haitoshi", au kwamba inatosha, kabla hamjauona mstari wenu.

Umeme utoke mita gani

Kuna njia tatu, na watu wengi hukimbilia ile mbaya zaidi.

Njia ya kwanza ni kuvuta kebo kutoka mita ya fleti yako. Inavutia kwa sababu unajilipia mwenyewe kwa tokeni na hakuna hesabu ya pamoja. Inafaa pale chumba cha mita kilipo kwenye maegesho yenyewe na magari hayatazidi mawili au matatu. Shida yake ni kwamba mita ya fleti ni ya fezi moja, mke anaoga huku gari linachaji na breka inaanguka. Tokeni zinaisha saa saba usiku na asubuhi gari liko pale pale. Na zaidi ya yote hakuna kinachozitawala chaja zote kwa pamoja. Kumi zikiwashwa jioni, swichi kuu ya jengo ndiyo itakayoamua, na itaamua kwa kukata kila mtu.

Njia ya pili ni mita ya pamoja ya jengo, kila chaja ikiwa na mita yake ndogo ndani. Ni mwanzo mzuri kwa gari moja au mawili.

Njia ya tatu ni kuomba Kenya Power mita mpya ya fezi tatu kwa ajili ya kuchaji magari tu. Ndiyo tuliyoishia nayo. Katika bei za umeme zilizotangazwa 2023, EPRA iliweka kundi maalumu la magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 kwa saa za mzigo mdogo, kabla ya tozo ya mafuta, kodi na makato mengine. Siku za kazi, saa hizo za nafuu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kundi hilo ni la mita inayotumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi na isiyozidi 15,000. Gari moja la uniti 7 kwa siku za kazi na Jumamosi halifiki 200. Magari mawili yanapita. Kwa hiyo jirani wako akinunua gari la umeme, amekufaidi hata wewe. Thibitisheni bei na masharti ya sasa kabla ya kuomba, kwani huangaliwa upya kila baada ya miaka michache.

Usiku huo una bei nafuu kwa sababu iliyo wazi. Mvuke wa Olkaria haulali. Visima vya jotoardhi hutoa mvuke ule ule usiku wa manane nchi ikiwa imezima taa, na umeme usiotumika hauna pa kwenda. Gari linalochaji saa nane usiku linakunywa kile ambacho kingepotea hewani.

Angalizo moja kwa njia ya tatu: mita mpya haimaanishi kebo mpya ya kuingia. Ikiwa mita mpya inatoka kwenye kebo ile ile inayolisha jengo, kikomo ni kile kile cha ampea 100, na mfumo wa kugawa mzigo, unaopunguza chaja jengo linapotumia umeme mwingi, lazima upime jengo zima, si mita ya chaja peke yake. Tuliwahi kupewa michoro na mkandarasi aliyeweka vipimo upande wa chaja tu. Ingefanya kazi wiki nzima, kisha ikazima umeme wa jengo zima asubuhi ya kwanza ya baridi ya Julai.

Kebo, bodi na njia zake

Kutoka chumba cha mita tulivuta kebo moja ya shaba ya fezi tatu, milimita 25 za mraba, yenye ngao ya waya za chuma, ikilindwa na breka ya ampea 63. Inaishia kwenye bodi ndogo katikati ya maegesho. Kutoka hapo trei ya chuma inapita darini juu ya safu zote mbili za magari, na kila chaja inashuka kutoka kwenye trei.

Kwa nini bodi iwe katikati? Kwa sababu ya umbali. Kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba hupoteza takriban milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita. Mvutie mtu ampea 32 kwa mita 60, na volti 14 zimepotea njiani, wakati kikomo cha kawaida ni asilimia 5, yaani volti 12. Ukitumia milimita 10 unapoteza 8 na kidogo. Lakini ukiileta bodi karibu, matawi yanakuwa ya mita 10 au 15, na milimita 6 inatosha mahali ambapo kebo hazijabanwa pamoja. Shaba ni ghali. Bodi ikikaa mahali pazuri, mnaokoa fedha ambazo hakuna punguzo la chaja litakazowapa.

Wekeni pia bomba tupu la plastiki sambamba na trei, kwa ajili ya waya za mawasiliano kati ya chaja na chumba cha mita. Maegesho ya chini hayana mtandao wa simu wa kuaminika. Tulitegemea Wi-Fi mwanzoni, na ilikuwa ikipotea kila gari refu lilipoegeshwa mbele ya kifaa.

Na kumbukeni mvua. Masika ya 2024 maji yaliingia kwenye maegesho mengi ya chini hapa Nairobi. Bodi isikae kwenye kona ya chini kabisa ya jengo, chaja zifungwe mita 1.2 kutoka sakafuni au zaidi kidogo, na viunganishi vya kebo viwe juu kwenye trei, si kwenye mashimo ya sakafu.

Kuchagua chaja

Kilowati 7 za fezi moja zinatosha kwa nyumbani. Atakayesisitiza kilowati 22 mwonyesheni kijitabu cha gari lake: Leaf nyingi zilizotoka Japani huchukua kilowati 3 au 6 tu kwa umeme wa kawaida, na chaja kubwa haibadilishi hilo hata kidogo.

Nunueni chaja yenye soketi ya Taipu 2 badala ya ile yenye kebo iliyoshikana nayo. Magari yetu ni mchanganyiko. Leaf ya Japani ina tundu la Taipu 1 lenye pini tano, magari ya BYD yanayouzwa hapa rasmi yana Taipu 2, na magari yaliyoagizwa moja kwa moja kutoka soko la China yana GB/T, ambayo kwa macho hufanana na Taipu 2 lakini haiingiliani nayo. Kila mtu akija na kebo yake, soketi moja inawahudumia wote.

Hakikisheni chaja inatumia OCPP, lugha ya pamoja ya mawasiliano ya chaja. Bila hiyo mmefungwa kwa muuzaji mmoja, na siku akifunga duka chaja zenu zinabaki maboksi ukutani. Muulizeni pia swali hili na mtake jibu la maandishi: mawasiliano yakikatika, chaja inafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba inashuka hadi ampea chache zilizowekwa awali. Jibu la kwamba inaendelea kama kawaida ni sababu ya kutonunua.

Ulinzi msioupunguza bei

Kila chaja iwe na breka yake ya ampea 40 na RCD yake ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Aina ya RCD ni muhimu sana. Ile ya kawaida ya nyumbani, aina AC, hupofushwa na mkondo wa moja kwa moja (DC) unaoweza kuvuja kutoka kwenye gari. Inakaa pale kimya na haikati siku unapoihitaji. Takeni aina B, au aina A pamoja na chaja yenye kigunduzi cha miliampea 6 ndani yake.

Nyutro, waya wa kurudisha umeme, ni jambo jingine. Anayeishi hapa anajua kinachotokea nyutro ya fezi tatu ikikatika: televisheni na majokofu ya nyumba kadhaa huungua kwa dakika moja, kwa sababu volti zinapanda kuelekea 415. Gari lenu nalo litakuwa limechomekwa. Na ikiwa ethi ya jengo, waya unaoingia ardhini, imeunganishwa na nyutro inayoingia, mwili wa gari wenyewe unaweza kuwa na umeme. Fundi aseme waziwazi ethi yenu ni ya aina gani, aipime, na aweke kifaa kinachokata volti zikipanda au kushuka kupita kiasi, pamoja na kinga ya radi kwenye bodi ya maegesho. Fundi anayesema "hiyo si lazima" mshukuruni, mtafute mwingine.

Swichi moja kubwa ya dharura ya kuzima chaja zote iwe karibu na njia ya kuingilia, mahali mlinzi anapoweza kuifikia bila kupita kando ya magari.

Siku ya majaribio

Msilipe awamu ya mwisho kabla ya majaribio. Fundi apime uimara wa kuhami wa kila kebo, kipimo cha ethi kwa kila chaja, na muda wa kila RCD kukata. Aonyeshe kwamba chaja zimegawanywa kwa zamu kwenye fezi tatu: ya kwanza fezi nyekundu, ya pili njano, ya tatu buluu, na kuendelea. Awakabidhi cheti cha kazi kilichosainiwa, mchoro wa bodi, na nywila za mfumo. Nywila ziwe mali ya kamati, zisibaki kwenye simu ya fundi.

Kisha fanyeni jaribio letu. Jumamosi moja saa moja jioni tuliomba fleti chache za kila fezi zifungue shawa kwa pamoja, magari matatu yakiwa yamechomekwa. Tulisimama watu watano mbele ya skrini ndogo kwenye chumba cha mita. Chaja zilikuwa kwenye ampea 32. Shawa zilipoanza, namba zikashuka: 32, 24, 17, 9. Gari moja likasimama kabisa, likasubiri. Juu maji ya moto yaliendelea kutoka na hakuna taa iliyozimika. Yule mama wa ghorofa ya nne alikuwepo, na alibaki akitazama mpaka namba zilipoanza kupanda tena. Baada ya hapo nilichomoa waya wa mawasiliano kwa mkono wangu, na chaja zote zikashuka hadi ampea 6 kama tulivyoahidiwa.

Malipo na kanuni za matumizi

Kila mtu ana kadi yake, na mfumo unaandika uniti zake. Mwisho wa mwezi tunachukua bili yote ya mita ya chaja, tunaigawa kwa uniti zilizotumika, na kila mmoja analipa zake pamoja na ada ndogo ya matengenezo. Uniti 7 kwa bei ya usiku ni shilingi 56 kabla ya tozo na kodi. Za mchana ni 112. Watu walipoona tofauti hiyo kwenye karatasi, hawakuhitaji kuhimizwa kuchaji usiku. Kamati haiweki faida. Sheria ya Nishati ya 2019 inasimamia uuzaji wa umeme kwa mtu mwingine, kwa hiyo jengo linalotaka kuuzia wageni au kupata faida lizungumze na EPRA kwanza.

Kanuni zetu zinaingia kwenye ukurasa mmoja. Hakuna ekstensheni, hata kwa dharura. Hakuna kuchaji betri za pikipiki kwenye ngazi au korido, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya watu kutokea moto ukizuka; wenye bodaboda za umeme tumewawekea soketi zao nje karibu na ukuta. Gari lililogongwa sehemu ya chini au lililosimama kwenye maji halichajiwi ndani mpaka likaguliwe.

Walinzi wetu wamefundishwa, na ninawaomba mfanye hivyo kwenu pia kwa sababu usiku ndio walio macho. Moshi ukitoka kwenye gari: zima swichi ya dharura, toa watu, piga 999 au 112, na useme tangu mwanzo kwamba ni gari la umeme. Kizimamoto cha unga hakimalizi moto wa betri. Inahitaji maji mengi, na inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika, kwa hiyo mtu asirudi kuokoa mali. Iarifuni pia bima ya jengo kwa barua kabla chaja hazijawashwa, mkiambatanisha cheti cha fundi.

Baada ya hapo

Kila mwezi mtu mmoja wa kamati apite chaja zote gari zikiwa zinachaji na aguse plagi na sehemu ya juu ya kebo kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa joto linakufanya uondoe mkono, izimwe hapo hapo na fundi aitwe, kwa kuwa skrubu imelegea mahali fulani ndani. Kila miezi mitatu bonyeza kitufe cha majaribio cha kila RCD. Isiyokata ibadilishwe siku hiyo. Mara moja kwa mwaka fundi akaze viunganishi vyote vya bodi na arudie vipimo vya ethi, hasa mwishoni mwa kiangazi ardhi ikiwa kavu, kwa sababu hapo ndipo ethi huwa dhaifu zaidi. Na rekodi ya mzigo irudiwe kila magari matano yanapoongezeka.